Tiki Imegeuka Kisanduku: Maswali Yenu Kuhusu Alama za Unicode kwenye Terminali ya Linux

Barua za toleo hili karibu zote zina kilio kimoja: alama iliyoandikwa vizuri inafika kwenye skrini ikiwa imeharibika. Kabla hujagusa mpangilio wowote, tunakuomba utazame umbo la uharibifu wenyewe. Alama ya kuuliza, kisanduku kitupu na vurugu kama "âœ“" ni magonjwa matatu tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Swali: Naingia kwa mbali kwenye seva ya Debian kwa programu ya ssh. Kuna programu inayoweka ✓ kwenye majina ya faili zilizokwisha kukaguliwa. Kwenye kompyuta yangu tiki zinaonekana, lakini kwenye seva `ls` inanionyesha `$'\342\234\223'`, na kwenye seva nyingine ya zamani naona alama tatu za kuuliza kwa kila tiki. Nimeshasakinisha fonti tatu kwenye seva, hakuna kilichobadilika. Nifanye nini?

Jibu: Anza kwa kuziondoa hizo fonti, hazina kazi huko. Seva haichori kitu. Inatuma baiti tu kupitia ssh, na mchoraji ni terminali iliyo mbele ya macho yako. Fonti huwekwa kwenye mashine yenye skrini. Tunalisema hili mapema kwa sababu wengi hupoteza siku nzima wakishughulikia mashine isiyohusika.

Alama za kuuliza ni tatu kwa sababu tiki ni baiti tatu. UTF-8, usimbaji (kanuni ya kugeuza herufi kuwa baiti) uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, huandika herufi za ASCII, yaani zile 128 za msingi za Kiingereza, kwa baiti moja moja na nyingine zote kwa baiti mbili hadi nne. Katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila alama namba yake, tiki ni U+2713, na baiti zake kwa msingi wa kumi na sita ni E2 9C 93. Ukizisoma kwa msingi wa nane ndizo hizo 342, 234 na 223 ulizoziona. `ls` ilikuwa imeambiwa kwamba herufi zinazokubalika ni zile 128 za ASCII peke yake, hivyo haikuona herufi moja, iliona baiti tatu ngeni. Matoleo mapya huziandika kwa namba, ya zamani huweka alama ya kuuliza mahali pa kila moja.

Aliyeiambia hivyo ni lokali, yaani mpangilio wa lugha na herufi ambao kila programu huusoma inapoanza. Hakikisha kwa vipimo viwili, ukiwa ndani ya seva:

    printf '\342\234\223\n'
    locale charmap

Amri ya kwanza inatuma baiti tatu moja kwa moja bila kujali lokali. Ukiona ✓, basi ssh, terminali na fonti vyote ni vizima, usivihangaikie tena. (Usitumie `printf '\u2713\n'` kwa kipimo hiki: bash, gamba linalosoma amri zako, ikiwa kwenye lokali mbovu itakuandikia `\u2713` kama ilivyo, na dash, gamba jingine, haiijui kabisa.) Amri ya pili inapaswa kujibu `UTF-8`. Ikijibu `ANSI_X3.4-1968`, hilo ni jina rasmi la ASCII, na mkosaji amepatikana.

Tiba ya haraka haihitaji kusakinisha chochote, kwa sababu Debian huja na lokali iitwayo C.UTF-8:

    export LANG=C.UTF-8

Tiba ya kudumu ni kufungua `/etc/locale.gen`, kuondoa alama ya # mbele ya mstari wa `en_US.UTF-8 UTF-8` au wa lugha unayoitaka, kisha:

    sudo locale-gen
    sudo update-locale LANG=en_US.UTF-8

Toka kwenye seva uingie upya, maana programu zilizokwisha kuanza hazisomi lokali mara ya pili. Kwenye Arch faili ni hiyo hiyo na `locale-gen` ni ile ile, ila LANG huandikwa kwenye `/etc/locale.conf`. Kwenye Fedora lugha huja kwa vifurushi: `sudo dnf install glibc-langpack-en`, halafu `sudo localectl set-locale LANG=en_US.UTF-8`. Orodha ya zilizopo utaipata kwa `locale -a`. Usishangae ikiandika `en_US.utf8`, ni kitu kile kile.

Kama umefanya yote haya na bado seva inakukaribisha kwa onyo la `setlocale: LC_ALL: cannot change locale`, chanzo kiko nyumbani kwako. Kwenye Debian ssh hutuma LANG na LC_* za mashine yako, na seva huzipokea. Ukituma jina ambalo seva haijalitengeneza, programu zinarudi kwenye lokali C, ile ya msingi inayojua ASCII tu. Wanaotoka kwenye macOS hukutana na hili mara nyingi kwa sababu terminali yake hutuma `LC_CTYPE=UTF-8`, jina ambalo Linux haina. Tengeneza lokali hiyo kwenye seva kama ni jina halali, au ingia hivi:

    LC_ALL=C.UTF-8 ssh jina-la-seva

Neno moja kuhusu LC_ALL. Inashinda LC_CTYPE, na LC_CTYPE inashinda LANG. Kwa hiyo itumie kwa amri moja kama hapo juu, usiifungie kwenye `.bashrc`. Tunapokea barua za watu waliobadilisha LANG mara kumi bila mafanikio, na mwishowe inaonekana kuna LC_ALL=C iliyowekwa miaka mingi iliyopita na kusahaulika.

Swali: Nimeweka kidokezo (maandishi yanayotangulia kila amri) cha kisasa chenye mishale na alama ya tawi la git, programu ya kutunza matoleo ya faili. Badala ya alama napata visanduku. Emoji nazo baadhi zinatokea na baadhi ni visanduku vyenye tarakimu ndogo ndani. `locale charmap` inajibu UTF-8.

Jibu: Kisanduku maana yake ni kwamba kila kitu kimefika salama na mchoraji hana picha. Hapa sasa fonti ndiyo yenye kesi.

Zile tarakimu ndogo ni zawadi, zisome. GNOME Terminal na nyingine za ukoo wake huandika ndani ya kisanduku namba ya alama iliyokosekana: tarakimu nne katika safu mbili, au sita katika safu mbili za tatu tatu. Ukiona 01F juu na 9EA chini, hiyo ni U+1F9EA, neli ya maabara. Uliza mfumo ni fonti zipi zenye alama hiyo:

    fc-list ':charset=1f9ea' family

Jibu likiwa tupu, hakuna fonti yenye picha hiyo kwenye mashine nzima. Kwenye Debian na Ubuntu, `fonts-noto-color-emoji` huleta emoji, `fonts-noto-core` maandishi ya lugha nyingi sana, na `fonts-symbola` alama za hisabati, muziki na nyinginezo za zamani. Jina Noto lenyewe lilitokana na nia ya kuviondoa visanduku hivyo, ambavyo wachapaji wa fonti huviita tofu. Kwenye Arch tafuta `noto-fonts` na `noto-fonts-emoji`.

Mishale ya kidokezo ni habari nyingine. Alama kama U+E0B0 na U+E0A0 ziko katika eneo la binafsi la Unicode, U+E000 hadi U+F8FF, ambalo kiwango hakikuligawia herufi yoyote. Kila mtengeneza fonti huweka humo anachotaka. Ndiyo maana Noto haitakusaidia hata ukisakinisha zote. Unahitaji fonti iliyotiwa alama hizo mahususi, na wengi hutumia zile za mradi wa Nerd Fonts. Pakua moja, kisha:

    mkdir -p ~/.local/share/fonts
    cp *.ttf ~/.local/share/fonts/
    fc-cache -f

Halafu funga madirisha yote ya terminali. Si moja, yote, kwa sababu GNOME Terminal huendesha madirisha yake yote kwa mchakato mmoja, nao hauoni fonti mpya hadi uanze tena. Chagua fonti hiyo kwenye mipangilio ya wasifu wa terminali. Kwenye orodha utaona majina mawili yanayofanana, moja likiishia na Mono. Chukua lenye Mono kama alama zinakatwa upande wa kulia au zinapanda juu ya herufi inayofuata: humo kila ikoni imebanwa itoshe chumba kimoja.

Kama ikoni zilikuwa nzima na zikageuka visanduku baada ya kusasisha fonti, tazama toleo. Toleo la 3 la Nerd Fonts liliziondoa namba za zamani za ikoni za Material Design na kuzihamishia U+F0001 na kuendelea. Fonti yako haina kasoro. Programu inayoandika namba za zamani ndiyo inayotakiwa kusasishwa.

Kwa anayetumia xterm: ikifunguliwa bila mpangilio hutumia fonti ya vitone isiyokuwa na msaidizi, na kila isichokuwa nacho hakitaonekana. Ifungue kwa `uxterm`, au kwa `xterm -u8 -fa 'DejaVu Sans Mono' -fs 12`.

Swali: Nikibonyeza Ctrl+Alt+F3 nifanye kazi bila mazingira ya picha, ✓ inakuwa mraba hata nikiweka fonti zote duniani. Naandika skripti itakayotumika humo. Kuna njia?

Jibu: Kwa tiki ile yenyewe, kwa kawaida hapana, na ni vizuri ujue sababu ili usiendelee kujitesa. Konsoli ya Linux haisomi fonti za TTF wala haitumii fontconfig, mfumo unaotafutia programu fonti. Inabeba fonti moja ya vitone yenye maumbo 256 au 512 tu, basi. Katika hali ya maandishi ya VGA hata hizo 512 zina gharama: biti moja iliyokuwa ya rangi za kung'aa inachukuliwa kuhesabu maumbo, hivyo rangi 16 za maandishi zinabaki 8. Emoji hazimo kabisa kwenye ulimwengu huo.

Unachoweza kufanya ni kuchagua kwa busara maumbo hayo machache. Andika `showconsolefont` uyaone yote yaliyomo. Kwenye Debian, `sudo dpkg-reconfigure console-setup` inakuuliza usimbaji (chagua UTF-8), kundi la herufi na ukubwa. Au jaribu papo hapo `sudo setfont Uni2-Terminus16`. Kwenye mifumo inayosoma `/etc/vconsole.conf`, sakinisha fonti ya Terminus na uandike `FONT=ter-v16n`.

Sasa siri ndogo inayosaidia sana. Fonti ya asili ya konsoli imerithi jedwali la CP437 la kompyuta za kwanza za IBM. Jedwali hilo lina mistari ya fremu kama ─ na │, lina vivuli ░▒▓, na lina alama ya kipeo √ ambayo ni U+221A. Haina ✓. Kipeo kikikaa mbele ya neno, jicho hukisoma kama tiki bila shida. Ila usitegemee bahati kwenye skripti ya watu wengi, pima kwanza:

    if [ "$TERM" != linux ] && [ "$(locale charmap)" = UTF-8 ]
    then tiki='✓'
    else tiki='[sawa]'
    fi

Konsoli hujitambulisha kwa `TERM=linux`, hivyo sharti la kwanza linatosha kuikamata, na la pili linamlinda yule msomaji wa kwanza wa leo.

Swali: Alama zangu ni nzima, lakini nikiingia kwenye tmux (programu ya kugawa terminali moja kuwa vidirisha) zote zinakuwa mistari ya chini: `_`.

Jibu: tmux hutazama ya kwanza iliyowekwa kati ya LC_ALL, LC_CTYPE na LANG, ikitafuta neno UTF-8. Isipolikuta inaamini kwamba terminali yako haiwezi, na inabadilisha kila alama kuwa `_`. Jitenge kwa Ctrl+b kisha d, urudi kwa `tmux -u attach`. Zikitokea, rekebisha lokali kama tulivyoeleza juu. Baada ya kurekebisha, vidirisha vya zamani vitaendelea kubeba LANG ya zamani kwa sababu vilizaliwa nayo. Hifadhi kazi yako, kisha `tmux kill-server` na uanze upya. Kwa GNU screen, programu ya aina hiyo hiyo, swichi ni `screen -U`.

Swali: Fremu za menyu zinatokea kama `lqqqqk` juu, `x` pembeni na `mqqqqj` chini. Hizo herufi zimetoka wapi?

Jibu: Zimetoka kwenye terminali ya VT100 ya kampuni ya DEC. Ilikuwa na seti ya pili ya herufi ambamo l ni kona ya juu kushoto, k ya juu kulia, m na j kona za chini, q mstari wa kulala na x mstari wa kusimama. Programu hutuma ESC ( 0 kuomba seti hiyo, inaandika `lqqk`, kisha inarudi kwa ESC ( B. Baadhi ya terminali zikiwa kwenye UTF-8 hupuuza ombi hilo, ndipo herufi zinabaki uchi. Iambie ncurses, maktaba inayochora menyu hizo, itumie alama za Unicode zenyewe:

    export NCURSES_NO_UTF8_ACS=1

Kinyume chake pia hutokea: umefanya `cat` kwenye faili isiyo ya maandishi, na sasa kila unachoandika ni fremu. Baiti fulani ndani ya faili imewasha ile seti ya pili na hakuna aliyeizima. Andika `reset` hata kama huoni unachoandika, ubonyeze Enter. Enter ikigoma, Ctrl+J hufanya kazi yake.

Swali: Naandika programu inayopanga ripoti kwa safu, kila mstari ukianza na ⚠️, ✅ au 👨‍👩‍👧. Safu hazilingani kamwe. Kwenye terminali moja zinapishana kwa chumba kimoja, kwenye nyingine kwa vinne. Na nikiweka emoji kwenye kidokezo cha bash, amri ndefu inajiandika juu yake yenyewe.

Jibu: Hili ndilo swali gumu kuliko yote tuliyopokea, na tunafurahi umeliuliza, kwa sababu watu wengi hulitibu kwa kuongeza nafasi hadi zilingane kwenye mashine yao, kisha zinaharibika kwa kila mtu mwingine.

Terminali ni kama karatasi ya hesabu yenye vyumba. Kila herufi hukaa kwenye chumba kimoja, au viwili, au haichukui chumba chochote (kama alama ya lafudhi inayopanda juu ya herufi iliyotangulia). Anayeamua ni vyumba vingapi si fonti. Programu yako huamua kivyake, kwa kawaida kwa kuuliza `wcwidth` ya maktaba ya C, na terminali huamua kivyake kwa jedwali lake. Hawaulizani. Mmoja akisema viwili na mwenzake akasema kimoja, kuanzia hapo hadi mwisho wa mstari kishale (alama ya mahali pa kuandika) kinadhaniwa kiko mahali ambapo hakipo. Kujiandika juu kwa amri yako ndefu ndiko huko.

Tazama sampuli zako tatu kwa karibu. ✅ ni U+2705, na majedwali ya Unicode yanasema ni pana, vyumba viwili. Hapo karibu wote wanakubaliana. ⚠️ ni namba mbili: U+26A0, ambayo peke yake ni ya chumba kimoja, ikifuatwa na U+FE0F isiyoonekana, inayosema "nichore kama emoji". Terminali zinazoitii hutoa vyumba viwili, zisizoitii hutoa kimoja, na `wcwidth` haiwezi kuiona kabisa kwa sababu hupewa namba moja moja. Familia 👨‍👩‍👧 ni namba tano: U+1F468, U+200D, U+1F469, U+200D, U+1F467, jumla ya baiti 18. U+200D ni kiungio kisichoonekana. Terminali inayovielewa viungio huchora picha moja ya vyumba viwili. Isiyovielewa huchora watu watatu kwenye vyumba sita. Tofauti ni vyumba vinne, hasa vile ulivyovihesabu.

Badala ya kubahatisha, iulize terminali. Ifuatayo, katika bash, inaandika alama mwanzoni mwa mstari, inaomba mahali kishale kilipo, na kukupa idadi ya vyumba:

    IFS=';' read -sdR -p $'\r⚠️\e[6n' mstari safu; echo " $((safu-1))"

Ijaribu kwa kila alama unayotaka kuitumia, kwenye kila terminali unayoijali. Ushauri wetu, na tunausimamia: kwenye jedwali linalotakiwa kulingana usitumie kamwe alama yenye U+FE0F wala yenye U+200D. Chukua ✅ na ❌, ambazo ni pana kwa asili, au ✓ na ✗ ambazo ni za chumba kimoja, na usichanganye makundi hayo mawili ndani ya safu moja.

Halafu angalia anayejaza nafasi. `printf '%-20s'` ya bash huhesabu baiti, si vyumba, kwa hiyo neno lenye ✓ moja litapungukiwa nafasi mbili. `awk` nayo hutegemea ni ipi: mawk huhesabu baiti, gawk huhesabu herufi kwenye lokali ya UTF-8. `column -t` hupima vyumba, basi mwachie kazi hiyo.

Kwa kidokezo cha bash, kosa la kawaida ni kufunga kila kitu ndani ya `\[` na `\]`. Mabano hayo ni ya misimbo isiyochukua nafasi, kama ya rangi, nayo lazima yafungwe. Alama inayoonekana iache nje. Namna hii:

    PS1='\[\e[32m\]✓\[\e[0m\] \w \$ '

Mwisho, kuna herufi ambazo Unicode yenyewe inaziita zenye utata, mfano ° na ±, ambazo kwenye mazingira ya Kichina na Kijapani zilikuwa pana. Terminali kadhaa zina kitufe cha kuchagua nyembamba au pana. Iache nyembamba, na kwenye Vim `ambiwidth` ibaki `single`, isipokuwa una sababu ya lugha.

Swali: Faili niliyopokea ina "cafÃ©" na "â€™" kila mahali. Terminali yangu imeharibika?

Jibu: Terminali yako ni nzima. Mtu alichukua maandishi ya UTF-8 akayasoma kana kwamba ni Windows-1252, akayahifadhi upya. é ni baiti C3 A9; kwenye Windows-1252 C3 ni Ã na A9 ni ©. Rudisha nyuma safari hiyo:

    iconv -f UTF-8 -t WINDOWS-1252 mbovu.txt > nzima.txt

Ndiyo, tunaelekeza kwenda Windows-1252, kwa sababu baiti zitakazotoka ndizo UTF-8 ya awali. Kama tatizo ni kinyume, yaani unaona � badala ya é, faili ni ya Windows-1252 kweli: geuza mpangilio, `-f WINDOWS-1252 -t UTF-8`. Usielekeze matokeo kwenye jina lile lile la faili. Gamba la amri huifuta kabla iconv haijaanza kuisoma, na unabaki na faili tupu.

Swali: Faili `résumé.txt` naiona kwa `ls`, lakini nikiandika jina lake naambiwa haipo. Ilitoka kwenye mashine ya Mac.

Jibu: Kuna é mbili. Moja ni U+00E9, baiti C3 A9. Nyingine ni e ya kawaida ikifuatwa na lafudhi U+0301, baiti 65 CC 81. Kwa macho ni moja, kwa Linux ni majina mawili, kwa sababu mfumo wa faili hulinganisha baiti. Thibitisha kwa `ls | od -An -tx1`. Kisha tumia convmv, programu ya kubadilisha majina ya faili, ambayo kwa `--nfc` huunganisha e na lafudhi kuwa herufi moja:

    convmv -f utf8 -t utf8 --nfc résumé*
    convmv -f utf8 -t utf8 --nfc --notest *.txt

Mstari wa kwanza huenda usipate kitu kwa sababu ile ile ya jina, ndiyo maana wa pili umetumia `*.txt`. Bila `--notest` convmv huonyesha tu itakachofanya. Anza hivyo daima, uone, ndipo uiongeze.

Swali: Skripti yangu ya Python inachapa alama vizuri nikiiendesha mwenyewe. Ikiendeshwa na cron (programu inayoanzisha kazi kwa ratiba) inakufa kwa `UnicodeEncodeError`. Ndani ya kontena pia.

Jibu: cron haipiti kwenye `.bashrc` yako wala haikuulizi lugha. Weka `LANG=C.UTF-8` kwenye mstari wake peke yake juu kabisa ya crontab. Ndani ya kontena, andika `ENV LANG=C.UTF-8` kwenye Dockerfile. Python 3.7 na kuendelea hujihamisha yenyewe kwenda UTF-8 ikikuta lokali C, kwa hiyo kosa hilo likitokea huenda unaendesha toleo la zamani, au kuna lokali ya ISO-8859-1 imewekwa mahali. `PYTHONUTF8=1` huilazimisha kuanzia 3.7.

Swali la mwisho, tumeunganisha manne: git inaandika majina ya faili kwa namba, `less` (programu ya kusomea faili) inaonyesha `<E2><9C><93>`, na ikoni inazionyesha `<U+E0B0>`, kitufe cha kufuta kinabakiza nusu ya herufi, na je, nitaandikaje alama ambayo haipo kwenye kibodi?

Jibu: Git: `git config --global core.quotepath false`. Mabano yenye baiti kwenye `less` ni lokali tena, au LESSCHARSET iliyowekwa vibaya; `export LESSCHARSET=utf-8`. Ikoni ni suala jingine, kwa sababu `less` haiamini eneo la binafsi. Kuanzia toleo la 632 unairuhusu hivi:

    export LESSUTFCHARDEF=E000-F8FF:p,F0000-FFFFD:p

Kitufe cha kufuta: kiini cha Linux hakijajulishwa kwamba unaandika UTF-8, hivyo kinafuta baiti moja badala ya herufi nzima. Andika `stty iutf8`, na uhakikishe kwa `stty -a` kwamba neno hilo halina kistari mbele yake.

Kuandika: kwenye GNOME Terminal bonyeza Ctrl+Shift+U, achia, andika 2713, kisha Enter. Ndani ya Vim, ukiwa unaandika, Ctrl+V halafu u2713. Kwa namba ndefu tumia U kubwa, mfano U1f9ea. Ukiwa juu ya alama usiyoijua, g8 inakuonyesha baiti zake na ga inakuonyesha namba yake.